Shangazi Hajala

Kawajense, Mpanda
5 Oktoba 1997

Kwa mwanangu Bibiana,

Mimi shangazi yako Marsela nakusalimu, pokea salamu na vumbi lake. Huku hatujambo, ni joto tu, mwezi wa kumi wa Mpanda unaujua mwenyewe, hata kuku wanatembea midomo wazi. Baba yako Ubaldo kule Majimoto mzima, analaumu mvua. Isipokuja analaumu, ikija atalaumu. Mama yako anakusalimu. Kabula muuza nyanya anakusalimu. Épiphanie wa mawese anasema ukimwona Papa umwambie kwamba kwao kambini Katumba nako kuna Wakristo. Nimemwambia mji wako sio ule wa Papa, ni mwingine, akasema Italia ni Italia.

Sasa mwanangu, tangu uondoke sijapata hata mstari mmoja. Najua barua ya huko ina safari ndefu, lakini watu hawajui, wananiuliza mimi. Mtu anakuja kibandani kwangu ananunua fungu moja la dagaa, maswali yake ya mafungu kumi. Bibiana kafika? Bibiana anakula nini? Bibiana analala kwa nani? Mimi najibu yote. Sijui kitu lakini najibu, kwa sababu ukinyamaza watu wanajaza wenyewe, na wanajaza vibaya.

Nimewaambia unasomea udaktari wa mpunga. Usije ukanikana. Mtu anayefuata kilimo mpaka Ulaya ni daktari tu, mgonjwa wake ndiyo mpunga. Yule Rahel ambaye mtoto wake yuko chuo Dar es Salaam, unajua alivyotunyima pumzi hapa sokoni, sasa hivi akipita mbele ya kibanda changu anaangalia upande wa machinjioni. Mimi namwita, namsalimia vizuri sana, namuuliza mtoto hajambo huko Dar. Hapo karibu.

Usisahau nilichokwambia siku ile tunafunga sanduku lako. Mwalimu akiingia usimsalimie umekaa, wala umesimama kama nguzo ya simu. Chuchumaa, inamisha macho, piga makofi yetu Wapimbwe, yale ya polepole, ndiyo useme. Wajue umetoka kwa watu.

Andika kwa urefu. Barua yako sitaisoma peke yangu, benchi nimeshaliweka.

Ni mimi shangazi yako,
Marsela


Perugia, Italia
19 Oktoba 1997

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Wasalimie wote wa Kawajense, na baba na mama ukipata mtu anayekwenda Majimoto. Mimi nilifika salama. Barua yako bado sijaipata, nakuandikia hivyo hivyo.

Mji huu uko juu ya mlima. Umezungukwa na kuta za mawe zilizojengwa kabla Yesu hajazaliwa, na kuna lango moja kubwa ambalo mawe yake yamepangwa bila udongo wala saruji, na bado limesimama. Magari yanapita chini yake kama kitu cha kawaida. Kuna mtaa mzima wa zamani uliofukiwa chini ya ardhi, nyumba, vichochoro, majiko ya mikate, vyote vimo na juu hakuna mbingu. Ndani ya mtaa huo wameweka ngazi zinazotembea zenyewe kwa umeme. Unasimama tu, umeshika begi lako, ngazi inakupandisha mpaka mjini juu.

Uwanjani kuna chemchemi ya mawe ambayo wameichonga kazi za kila mwezi. Mwezi huu watu wanavuna, mwezi ule wanachinja nguruwe. Mwambie baba, ataipenda. Mkate wao hauna chumvi. Baridi imeanza, nimevaa yale masweta mawili kwa pamoja.

Masomo tumeanza. Madarasa yako kwenye jumba la kitajiri la zamani, ukiinua macho darini kuna picha. Tunasoma lugha yao kwanza. Mwezi wa kumi na mbili tutafanya mtihani, wa kuandika na wa kusema. Atakayefaulu ataingia chuo cha kilimo, kiko kwenye monasteri ya kale, nimeiona kwa nje, ina mnara mrefu. Atakayeshindwa masista waliotusaidia kuja huku watamkatia tiketi ya kurudi.

Siku ya kwanza mwalimu alipoingia nilimsalimia kama ulivyonifundisha. Darasa zima liliniangalia.

Hizo ndizo habari za masomo, shangazi. Mungu akutunze.

Mwanao,
Bibiana


Kawajense, Mpanda
14 Novemba 1997

Mwanangu daktari,

Marahaba, marahaba mia. Barua nimeipata, Mungu mkubwa. Huku sasa ni mvua, na sio mvua ya kawaida, redioni wanaiita El Nino. Reli imekatika, ikaungwa, ikakatika. Mama yako alikuwa na malaria kidogo, amepona. Épiphanie amepata mjukuu wa kike. Kabula ameachana tena na yule fundi baiskeli, mara hii anasema ni moja kwa moja, tutaona Pasaka.

Barua yako nimeisoma benchini, watu wamejaa mpaka kwa muuza chumvi. Mimi kusoma kwangu unakujua, ni kwa kisomo cha watu wazima, naenda na kidole. Lakini siku hiyo kidole kilikimbia. Nilipofika kwenye ngazi zinazotembea, Kabula akasema huo ni uongo, ngazi itembee iende wapi. Nikamwambia inapanda na wewe umesimama. Akauliza kama ikikataa katikati inakuwaje. Rahel naye alikuwepo, kasimama kwa mbali anajifanya anachagua vitunguu, akauliza kama ngazi hiyo hata mwenye mimba inambeba. Nikasema inabeba hata mapacha.

Pale pa darasa zima kukuangalia nilirudia mara tatu. Niliwaambia mnasikia, mtoto wa Mpimbwe kachuchumaa katikati ya Ulaya, darasa zima kimya, linajifunza adabu. Watu wamepiga vigelegele. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu vya Rahel.

Lakini watu walipoondoka niliisoma tena peke yangu. Nikaisoma tena. Kuta zimo. Lango limo. Ngazi, chemchemi, nguruwe wa mawe, vyote vimo. Mtu hayumo hata mmoja. Mwalimu hana jina. Unaokaa nao hawana majina. Mwanangu, mimi nimekaa sokoni tangu hujazaliwa, namjua mtu aliyekaa mahali na mtu aliyesimama tu. Aliyekaa ana umbea. Anajua nani kagombana na nani, nani mchoyo, nani anampenda asiyempenda. Wewe una mwezi huko na huna umbea hata wa kijiko. Hiyo haijanipendeza.

Sasa nakuagiza. Barua ijayo sitaki mawe. Nataka watu. Aliyekaa kulia kwako ni nani, ana shida gani, anacheka nini. Mwenye nyumba yako ana ugomvi na nani. Usiniambie hujui lugha. Umbea ndio unafundisha lugha, mimi Kisukuma nilijifunza kwa kumsikiliza Kabula akimsema mkwe wake.

Majimoto kulikuwa na wageni kwa baba yako. Walikuja na fimbo zao na kofia zao nzuri. Lakini hiyo si habari ya mwanafunzi, wewe soma.

Shangazi yako,
Marsela


Perugia
16 Novemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Nimepata ile barua yako ya mwezi wa kumi, ya vumbi. Niliisoma nimesimama mlangoni. Wape pole wote, nimesikia kwa masista kwamba huko mvua ni nyingi. Hapa pia kunanyesha, lakini mvua yao haina kelele, inakaa tu hewani. Msalimie Kabula. Mwambie Épiphanie kwamba Papa yuko mbali na hapa, ni safari ya treni.

Shangazi, ukurasa huu wa pili nakuomba usiusome kwa watu.

Siku ile ya kwanza walicheka. Niliposema darasa zima liliniangalia, niliishia hapo kwa sababu nilijua utasoma benchini. Mwalimu aliingia, mimi nikatoka kwenye kiti, nikachuchumaa, nikainamisha macho, nikapiga makofi. Nikasikia mtu mmoja anacheka, halafu wengine, halafu wengi. Sikuinua macho. Nilirudi kitini na tangu siku hiyo sijafungua mdomo darasani. Nakaa karibu na mlango. Nikiulizwa nasema sijui, hata kama najua. Nakula peke yangu. Mtihani ni wa kusema, shangazi, mbele ya walimu. Nitasemaje na watu ambao wakiniona wanakumbuka nimechuchumaa?

Nataka kurudi nyumbani. Wewe ndiye wa kumwambia baba, mimi siwezi kumwandikia jambo hilo moja kwa moja, na wewe akikusikiliza anakubali. Mwambie baridi imenishinda. Mwambie chochote. Nikipata neno lako nitawaambia masista wanikatie tiketi kabla ya mtihani, ili isemwe nimerudi na sio kwamba nimeshindwa.

Samahani shangazi.

Ukurasa huu wa tatu unaweza kuusoma. Nimeona jengo lenye kengele inayopigwa na watu sita. Matunda ya zabibu yameshavunwa. Wote nawasalimu.

Bibiana


Kawajense, Mpanda
10 Desemba 1997

Mwanangu Bibiana,

Marahaba. Huku wazima, wenye kulowa. Mto Katuma umefurika, pale Sitalike, njia ya Majimoto, malori yamelala barabarani kama ng'ombe. Mama yako mzima. Ndama wa jirani amesombwa na maji akatokea salama kwa mtu mwingine, sasa kuna kesi. Mjukuu wa Épiphanie wamempa jina la Athanasie. Kabula amerudiana na fundi baiskeli, Pasaka haikungojwa.

Barua yako imefika, lakini imefika na mvua. Ukurasa wa kwanza nimeusoma, wa tatu nimeusoma. Wa pili umelowa, wino wote umekwenda, sikuona hata neno. Kwa hiyo sijui uliandika nini, na kwa sababu sijui, siwezi kumwambia baba yako kitu. Mvua hii ya El Nino imeharibu mambo mengi.

Wa tatu nimeusoma benchini. Kengele ya watu sita wameipenda.

Basi tuongee mambo mengine. Nataka nikupe habari ya mtu, sio wewe, ni mtu mwingine. Kulikuwa na msichana wa Mpimbwe aliyeletwa Mpanda kuolewa, miaka ile mgodi bado unafanya kazi. Akapewa meza ya dagaa sokoni. Yeye kwao kafundishwa adabu, basi kila mteja akija anachuchumaa, anapiga makofi, ndiyo anauza. Soko zima lilicheka. Wapo waliokuwa wanakuja bila kununua, wanataka tu wamwone anavyoshuka chini kama kuku anayetaga. Wakamwita Mama Chuchumaa. Alilia siku ile? Alilia. Kesho yake akarudi mezani. Akasema kama wamekuja kucheka basi wameshafika, nitawauzia. Wazee wa soko mpaka leo wanamwita Mama Chuchumaa, na dagaa wananunua kwake. Mtu anayechekwa ameonekana, mwanangu. Kuna watu wanakaa mahali mpaka wanazikwa hapo na hakuna aliyewaona.

Hiyo ni habari tu, nimejisemea.

Ya Majimoto nilisema sitakwambia, lakini mdomo wangu unaujua. Wale wageni ni mzee Lyamba, yule mwenye wale ng'ombe wengi ng'ambo ya mbuga, na kijana wake Nashon. Ni watu wazuri, siwasingizii. Wanakutaka wewe. Baba yako hakukataa. Amewaambia wangoje mtihani wako, ukishindwa utarudi, mambo yatazungumzwa. Wakapanga siku, wakaniita mimi. Sasa unajua kwetu. Posa haianzi mpaka shangazi wa binti akaribishwe, anawe, ale. Shangazi akimeza tonge la kwanza, mlango umefunguliwa.

Nikapanda lori, nikafika. Wamenichinjia jogoo, Bibiana, jogoo mwenye umri wake, mchuzi unang'aa, wali wa Majimoto mpya. Mimi na kuku unatujua. Wakaniletea maji ya kunawa, nikasema asante, nimekula njiani. Baba yako akaangalia chini. Nikakaa pale, nikaongea habari zote za Mpanda, nikamtania mzee Lyamba mpaka akashika mbavu, lakini mikono sikunawa. Jioni wakaleta tena. Nikasema tumbo. Asubuhi wakaleta maini peke yake, kwenye sahani ya maua. Nikasema nina nadhiri. Baba yako akanifuata nje, akaniuliza kwa hasira, "Marsela, utakula lini?" Nikamwambia, "Mwenyewe akinituma." Nikarudi Mpanda na karanga za mfukoni. Njia nzima nilikuwa naona yale maini.

Kwa hiyo mpaka leo shangazi hajala. Lakini ujue kitu kimoja. Shangazi anaweza kugoma mtoto akiwa shule. Mtoto akirudi mwenyewe, kabla hajafukuzwa, kabla hajashindwa, shangazi hana la kusema tena. Atanawa, atakula.

Bado nangoja umbea wangu. Sijasahau.

Marsela


Perugia
11 Januari 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa benchi zima. Nimefurahi kusikia mama amepona. Mpe Épiphanie hongera ya Athanasie. Nashangaa kesi ya ndama, niambie ilivyokwisha.

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja ilinikuta wiki mbili kabla ya mtihani, ile ya mwezi wa kumi na mbili imenikuta baada. Nitaanza na hii ya pili. Shangazi, ukurasa wa pili haukulowa. Ukurasa hauwezi kulowa katikati, na wa mbele yake na wa nyuma yake ukabaki mkavu. Ungekuwa mezani kwangu wakati naisoma ungenisikia nacheka peke yangu, mwenye nyumba alikuja kugonga mlango.

Mwenye nyumba anaitwa Ines. Ni mjane. Ana ugomvi na mwanamke wa chini, walikuwa marafiki, wakagombana kwa ajili ya paka. Sasa kila mwenzake akianika mashuka, Ines anakumbuka kumwagilia maua yake ya dirishani. Anamwagilia hata siku za mvua.

Uliniagiza umbea, nikaona nitakosa cha kukuandikia. Siku moja ardhi ilitikisika kidogo, hapa walipata tetemeko kubwa kabla sijafika, wakisikia mtikisiko mdogo tu wote wanakimbilia nje. Tulisimama uwanjani kwenye manyunyu. Mimi sikuwa na hofu sana, Rukwa matetemeko tumeyazoea. Kwa hiyo nikawa na nafasi ya kuwaangalia watu. Nikamwona yule msichana wa Korea anayekaa mbele yangu, anamkata jicho Mgiriki mmoja. Nikakukumbuka. Nikamsogelea, nikamuuliza, kwa lugha ya kuokoteza, amekukosea nini? Ndiyo maneno yangu ya kwanza shangazi, tangu nifike, kumuuliza mtu habari ya mtu.

Anaitwa Sun-hee. Amekuja kujifunza lugha ili aimbe nyimbo zao kubwa za jukwaani. Mgiriki anaitwa Nikos, kumbe kila siku anamwibia majibu kwa kuchungulia. Basi Sun-hee akaamua kuandika majibu mabaya makusudi, halafu anayafuta wakati Nikos ameshanakili. Wiki nzima Nikos anapata sifuri na haelewi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu hapo tunakula pamoja, na Nikos naye amekuja kukaa kwetu, ameshajua, amesamehewa, na analipa kwa kutubebea vitabu mlimani.

Sasa sikiliza hili. Siku moja Sun-hee akaniuliza kwa nini huwa namkwepa mwalimu Corsini. Nikamwambia kwa sababu ya siku ya kwanza. Akasema, "Wewe ulikuwa unaangalia chini, hukuona." Nikamuuliza sikuona nini. Akaniambia wakati wao wanacheka, maana na yeye alicheka kidogo, amekiri, mwalimu alifunga vifungo vya koti lake, akasimama wima, akainama mbele yangu mpaka nywele zikamwangukia usoni. Halafu akawaambia darasa kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha hajawahi kusalimiwa hivyo, na wanaocheka wakajifunze kwanza kusema asubuhi njema. Mimi nilikuwa sijaelewa neno hata moja. Nilisikia kicheko tu. Shangazi, nilikaa miezi miwili karibu na mlango nikimkimbia mtu aliyeniinamia.

Kwenye mtihani wa kusema walikuwa walimu watatu, na yeye mmojawapo. Nilisalimia kama nyumbani, sikuangalia nani anacheka. Wakaniambia nieleze chochote ninachokijua kuhusu mji huu. Nikawaeleza habari ya Ines na mashuka. Mwalimu mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Nimefaulu. Jumatatu ninaanza kwenye ile monasteri ya kilimo.

Nashon namkumbuka, ni kijana mwenye adabu, sina baya juu yake. Lakini nataka kusoma mpaka mwisho. Kwa hiyo nakutuma rasmi, ukurasa huu hata ukiusoma benchini sawa. Shangazi, usile bado.

Mwanao,
Bibiana


Kawajense, Mpanda
19 Februari 1998

Mwanangu, daktari wangu, mwenye kuinamiwa,

Marahaba isiyo na mwisho. Kesi ya ndama imekwisha kwa ndama kufa, sasa wanagombea ngozi. Épiphanie mzima, Athanasie ana meno mawili. Kabula usiniulize.

Barua yako nimeisoma benchini tangu salamu mpaka jina, sikuruka hata mstari. Watu walitaka pa Ines irudiwe, nikairudia. Pa mwalimu kukuinamia nilisoma polepole, kwa kidole, neno moja moja, mpaka mashine ya kukoboa ikazimwa. Rahel alikuwa amekaa, sio kasimama, amekaa benchini kwangu, na akasema kwa mdomo wake kwamba huyo mtoto ametuvika nguo sote. Nikampa fungu la dagaa bure. Sitarudia, lakini nilimpa.

Baba yako nilimtumia habari kwa mtu wa lori. Nilidhani atajibu Pasaka. Juzi namwona huyo, kwenye matope, suruali imekunjwa, viatu mkononi. Lori lilikwama Sitalike, akaona halitoki leo, akatembea. Ubaldo, anayelaumu hata umande, katembea na hakulaumu. Hakusalimia watu. Akasema nipe barua.

Nikataka kumsomea, akakataa, akasema anajua kusoma. Akakaa nyuma ya magunia ya dagaa, akaisoma. Mimi nauza lakini jicho liko kwake. Pa mashuka alitabasamu. Pa siku ya kwanza, pa kicheko, aliweka karatasi magotini, akaangalia matope ya miguu yake muda mrefu. Halafu akaichukua tena akamaliza. Nikamuuliza kaka, kwa hiyo nile nisile, nikadhani atanigombeza.

Akaniambia keshaongea na mzee Lyamba kabla ya kuondoka Majimoto, kabla hata ya kuiona barua. Alimwambia binti yake bado ana kazi, asimfungie kijana wake mlango kwa kungoja. Mzee Lyamba hakukasirika, alisema alijua tangu siku ya maini, hajawahi kuona Mpimbwe akikataa maini bila sababu kubwa. Nashon anachumbia kule Usevya sasa, Mungu amsaidie.

Nikamwambia baba yako sasa chukua kalamu umwandikie mwanao. Akasema yeye hawezi kuandika mambo hayo, mkono wake ni wa jembe, niandike mimi. Nikashika karatasi, nikangoja. Nikahudumia wateja wawili. Mwisho akasema, "Mwambie asome."

Nikamuuliza basi, hakuna kingine. Akasema hapana, hilo tu.

Alipoinuka kuondoka akauliza Italia ni upande gani. Sasa mimi nitajulia wapi. Nikamwonyesha upande wa stesheni, maana huko ndiko ulikopandia treni. Akasogea mpaka mwisho wa vibanda, pale nyumba zinapoishia, akasimama na viatu vyake mkononi, akaangalia upande ule. Watu wanapita na mizigo, wanamsukuma, yeye kasimama tu. Kabula akaniuliza kwa sauti ya chini huyu mzee anangoja nani.

Nikamwambia hangoji mtu, ana mtoto chuoni.

Shangazi yako,
Marsela